Friji Haigandishi

Mwaka wa kwanza tovuti yangu ilipendeza
kama bwana harusi aliyejifukiza udi
asiyejua nyumba ya bibi harusi iko mtaa gani.
Swabir, mtoto wa dada, ndiye aliyeitengeneza.
Juu kabisa, kwa herufi za dhahabu, aliandika:
Suluhisho Bora za Ubaridi kwa Maisha ya Kisasa.
Hata mke wangu, ambaye hasifu kitu kabla ya kukionja,
alisema: maneno yamekaa.

Yakakaa kweli.
Miezi saba yamekaa, hayakuinuka kumwita mtu.

Ndipo Ijumaa moja, hapa Kongowea,
nikamsikia Bi Mbeyu, muuza juisi ya ukwaju,
akiiambia simu yake kama anayegombana nayo:
"Friji haigandishi. Inalia tu. Fundi wa karibu. Leo."
Simu ikamletea mtu wa Nairobi.
Nami niko hatua nne, bisibisi mkononi.

"Bi Mbeyu, mbona hukuniita?"
"Sikujua kama ungali hai. Ramani ilinipeleka Majengo,
nikamkuta mwanamke anashona magodoro."

Usiku ule nilifungua daftari la risiti,
lile lenye madoa ya grisi,
nikatafuta walivyosema wao, si nilivyojibu mimi:
inavuja maji chini
taa inawaka lakini ndani joto
mlango haufungi, watoto wameuning'inia
inanguruma kama lori la Kibarani
kujaza gesi ni pesa ngapi
Tangu nianze kazi hii hajaingia mtu dukani akasema:
Hodi, naomba suluhisho bora za ubaridi.

Swabir alinuna. Haya, alisema, ni maneno ya sokoni.
Na mimi, nikamuuliza, niko wapi?

Tukafuta dhahabu. Kila ugonjwa ukapewa ukurasa wake
na jina lake mlangoni.
Kijana akazidisha: akaandika "fundi friji Mombasa" mara arobaini,
nyeupe juu ya nyeupe,
eti mashine itaona, watu hawataona.
Toa, nikasema.
Muuzaji akilitaja embe lake mara arobaini
mnunuzi hushika mfuko wake.

Tukaondoa na ile picha ya jiko la ughaibuni,
theluji dirishani, nzito,
ukurasa ulifunguka kama komeo lililoliwa na chumvi;
mwenye bando la shilingi ishirini hangojei.
Tukapiga mkono wangu ukibadilisha mpira wa mlango,
na chini yake tukaandika kilichomo,
maana mashine nayo ni kipofu, husomewa.

Majengo nilikwenda mwenyewe, kuomba radhi.
Bi Mwanatumu alitoa karatasi chini ya pamba:
majina kumi na tisa.
"Huyu alikuja na friji juu ya mkokoteni. Huyu alilia."
Nikamtengenezea friji yake ndogo, sikutaka malipo.
Kesho yake, kwenye ukurasa wake wa magodoro, akaandika:
Fundi wa friji amehamia Kongowea, bonyeza hapa,
mimi mniache nishone.
Swabir akaruka: hicho ni kiungo, mjomba, hicho ni dhahabu!
Mimi nilidhani ni ujirani.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, mtu akiuliza bei za televisheni.
Ya tano, saa nne usiku, sauti ya kike kutoka Mikindani:
"Taa inawaka lakini ndani joto,
na mna sindano za sukari za baba."

Tuktuk, mtungi wa gesi kati ya miguu,
taa za daraja la Nyali zikipita usoni.
Alipofungua mlango alisema:
"Niliposoma niliona kama umenisikia kabla sijasema."

Sikumjibu. Maneno yale si yangu.
Yako kwenye daftari, ukurasa wa tisa,
ya mama mmoja wa Tudor
ambaye mpaka leo namdai mia tatu.